Nani Alimuua Maman Camille ku Karte

Bukavu, Nguba, siku ya Mungu, tarehe 9 mwezi wa sita

Yaya Chancelle,

Mbele ya salamu, ujue kwanza nani anakuandikia. Unaandikiwa na Aganze, fundi wa telefone wa Nyawera, kijana mwenye Mungu alitengeneza asubuhi mapema, mikono yake ikiwa bado na nguvu. Nyie wengine alimalizia mangaribi, amechoka. Kutoka Nguba mpaka Kadutu hakujazaliwa mutu wa kunidanganya. Walijaribu wengi. Kuko mwenye alikuja kuniuzia telefone ya kuiba, akaenda kwao bila telefone, bila saa, na akaniambia aksanti. Mutu akinipigia, kwa pumzi ya kwanza tu, mbele aseme alo, nimeisha kujua kama ni mukweli ao ni mwizi. Hii zawadi haifundishwi ku masomo. Njo maana niliacha masomo mu mwaka wa ine, na siyo sababu ya zile alama zenye weye unapenda kukumbusha watu.

Sasa ninakusalimia na heshima yote. Habari ya afya? Habari ya shemeji Placide na ile mugongo yake? Mutoto Glody aliacha kukohoa? Mumwambie tonton yake Aganze anamuchungia kigari yenye nilitengeneza na makopo ya sardine, lakini siitumi na njia, maana nawajua watu wa njiani. Sisi huku tuko. Mvua ya mwezi wa ine ilibomoa choo ya majirani, yetu ilisimama, maana niliijenga miye. Mama anakusalimia sana, anasema huko Luhwindja munachimba zahabu kila siku na bado haujamutumia hata kilo ya viazi.

Barua hii anakuletea Donatien, ule convoyeur wa gari lenye linapanda kwenu kila siku ya kwanza. Nimeifunga na skochi mara tatu na nimeandika jina yangu nusu ku skochi, nusu ku bahasha. Kama ile mistari haikutane vizuri, ujue alifungua. Donatien, kama unasoma hapa, endelea tu, lakini zile samaki za sambaza zenye Mama anatuma, uzikule ukimuangalia yaya yangu mu macho.

Utajiuliza sababu gani ninaandika kama babu, na telefone iko. Yaya, uliniuliza mara ine kama majibu ya Mama ilitoka. Mara tatu nilikujibu bado. Mara ya ine sikujibu. Kule kwenu reseau ya telefone inapatikana paka ku kile kilima tu, unasimama pale na watu kumi wanasikiliza habari ya familia ya watu. Na tena, kwa jambo hii sauti yangu haifai. Habari ya sauti yangu utaisikia chini.

Acha nianze ku mwanzo, maana weye haukuona gisi ilianza.

Mwezi wa pili niliona Mama anabeba ndoo ya maji paka na mukono wa kuume. Ya kushoto inaning'inia tu kama ya mutu tajiri. Nikamushuku. Niliwaza ameficha makuta ndani ya blauzi upande ule, anaogopa yaanguke. Nikamuchokoza siku tatu, ninamuambia bibi mwenye benki, tugawanye. Siku ya ine alikuwa anachambua majani ya sombe, akaweka chini, akaniambia bila kuniangalia kama kuko kitu ndani ya titi la kushoto, ngumu, kama jiwe lenye linabakia mu maharagi. Tangu Noeli. Haimuume. Kisha akacheka, akasema ni lile lenye miye nilikuwa napenda, nililinyonya mpaka ninatembea, wakiniletea la kuume ninalia. Labda niliacha jino yangu moja humo ndani.

Na miye nilicheka, yaya. Kisha nikaenda kuosha masahani yenye ilikuwa imeisha kuoshwa.

Unajua vile karte ya mutuelle ya Mama, ile ya kulipia matibabu, ilikufa siku moja na Papa. Ilikuwa inapita mu kazi yake ya masomo ya parokia. Papa alienda, karte nayo ikaenda. Kuingia mutuelle upya, wanaandikisha paka mwanzo wa mwaka, na ni lazima nyumba nzima. Wakati ile sisi tulikuwa tungali mu kilio, nani aliwaza mambo ya karte? Basi mutu kama hana karte, anaenda anauliza bei. Niliamua kuuliza miye, maana Mama akiuliza bei wanaona uso yake wanaongeza.

Nilianzia kliniki moja hapa Nguba, ile yenye milango ya kioo. Binti wa ku guichet, pale ku dirisha ya kulipia, aliniuliza société gani ya kazi inalipa. Nikamuambia société ni miye. Hakucheka. Akasema bei ya ile picha ya titi mu dolari, akaisema na sauti ya chini kama mutu anakuambia habari ya kifo. Nikamuuliza kama kwa bei ile wanatupatia na nyumba. Sentineli wa ku mulango alinisindikiza inje.

Kisha nikasikia habari ya papa mumoja, Papa Bruno, Muhumba, mwenye iko na mashini ya kutoka mbali. Unashika kipande ya chuma mu mukono, dakika moja, ordinateri, kompyuta yake, inatoa magonjwa yote yenye uko nayo na yenye utapata. Bei ndogo. Watu walikuwa pale wamejipanga, wamama wamevaa vizuri, wenye kazi za biro. Weye unanijua: nilimuambia Mama abakie ku nyumba, nikaenda kwanza kushika ile chuma miye mwenyewe. Mashini ilifikiri sana. Kisha Papa Bruno alinisomea na uso ya huruma kama maini yangu iko sawa, macho iko sawa, lakini mufuko wangu wa uzazi umechoka. Nikamuuliza kama nitapata watoto. Akasema nikinunua chupa mbili za dawa yake, nitazaa. Yaya, nilitoka pale nimekuwa mutu mukubwa! Nyawera yote ilisikia. Mpaka leo wananiita Maman Aganze. Lakini uone kitu hii: nilimushuku, na nilikuwa sawa. Kumbuka hapo. Mutu akishuku mara moja akapatikana sawa, anaanza kuwaza kushuku njo akili.

Maana mwisho wa wiki ile nilifika ku ile hopitali. Jina yake sitaandika, juu ya Donatien. Ku mulango wa ile pavillon ya wamama kulikuwa karatasi imebandikwa. Niliisoma yote, na Kifaransa yake, usifikiri sikusoma. Ilisema siku ya ine, kila wiki, asubuhi, wamama wanapimwa matiti bule, hata mwenye hana mutuelle, aje na karte ya uchaguzi tu.

Bule.

Nilisimama pale na nikacheka peke yangu. Nani anapima mutu bule mu muji huu, wenye hata kuonyeshwa njia wanakuomba ya fanta? Nilimuuliza sentineli nani analipa. Akasema hajui, labda wazungu. Nikamuuliza wazungu wanapata faida gani mu titi ya Mama. Akasema na hiyo hajui. Nikaona sasa: wanaandikisha majina, wanapiga wamama mapicha, wanatuma Ulaya, kisha unasikia Mama amekuwa wa kujifunzia kukata. Na ile karte ya uchaguzi, ya nini? Mutu anapigia kura titi? Nikaondoka. Nikafurahi hata, nikajiambia tena: Aganze, hawakupati.

Njo nikawaza Maman Camille.

Unamukumbuka vizuri, jirani wa ku avenue yetu, mwenye kuuza makala, mwenye kinywa. Iko na mutuelle, bwana yake alimuandikisha. Mu avenue yote hakuna mwenye anajua jina yake ya karte. Tangu azae Camille, ni Maman Camille tu, kama vile Mama wetu tangu akuzae ni Maman Chancelle, na nafikiri hata Padri anamuombea na jina ile. Ku karte yake kumeandikwa M'Zagabe Adélaïde. Picha ilifuliwa mu sabuni pamoja na rinda: unaona tu kichwa, kitambaa, na giza. Inaweza kuwa Mama. Inaweza kuwa miye na mufuko wangu wa uzazi.

Maman Camille alikubali mbio kuliko vile nilifikiri, mpaka nikamushuku naye. Alisema na Mama walilia Papa pamoja, kumuazima karte ni kitu gani, aliisha kumuazima mpaka sufuria ya harusi. Mama njo alikataa. Alisema ni uongo, na uongo ya mbele ya daktari iko kama ya mbele ya Padri. Nikamuambia asiseme kitu hata kimoja, miye njo nitasema, yeye ajibu paka ndiyo. Alikubali siku yenye alishindwa kufunga kitambaa nyuma ya mugongo na mukono wa kushoto. Alikubali vile, akachukua karte juu ya meza.

Ku guichet nilisema jina ile mara tatu bila kutetemeka: M'Zagabe Adélaïde, M'Zagabe Adélaïde, mama yangu mupenzi. Niliacha namba ya telefone yangu. Mu kuluwari ya kungojea, infirmière, muuguzi wao, aliita Adélaïde, akaita tena, akaita tena, na Mama amekaa tu anaangalia watu, anawaza huyu Adélaïde ni kiziwi. Nilimusukuma na kiwiko. Ule infirmière anaitwa Yolande, mufupi, na macho ya kuchunguza. Aliangalia karte, akaangalia Mama, akaangalia miye sana. Nikamuonyesha meno yangu yote. Walimupima na mukono, kisha na ile mashini ya kupakaa mafuta ya baridi. Walisema watatupigia telefone mu wiki.

Kutembea kurudi, Mama aliniuliza kitu kimoja. Aliniuliza kama wakikuta kitu, itakuwa yake ao ya Maman Camille. Nikamuambia anapenda sana kuchekesha.

Hii ilikuwa ku mwisho wa mwezi wa tatu. Kisha niliwaambia wote bado. Mama bado, weye bado, Maman Camille bado. Hopitali za Congo, nilisema, zinachelewesha kusudi, wanangoja uwape kitu chini ya meza. Watu walikubali, maana maneno kama ile mu muji huu inaingia bila kubisha hodi.

Sasa sikiliza yenye ilitupata hii wiki, utacheka mbele ya kulia.

Siku ya pili asubuhi Maman Camille aliamuka na kichwa inamuuma, tansio ya damu. Akachukua karte yake, akaenda hopitali. Mbele ya saa sita tulimusikia kutoka ku barabara kubwa. Hakukuwa anatembea, alikuwa anakuja kama mvua. Alikuwa anauliza avenue nzima nani alimuua. Ku guichet binti aliingiza namba yake mu ordinateri, akaangalia, akaita mukubwa, mukubwa akaangalia, kisha wakamuambia na heshima kama mwenye karte hii alikufa mwezi wa ine, na yeye mama aseme alipata wapi karte ya marehemu. Wakaikamata. Maman Camille aliwaambia njo yeye Adélaïde, mwenyewe, na nyama yake yote. Wakamuuliza kama iko na kitu cha kuonyesha hajakufa.

Yaya, avenue ilikufa na kicheko. Camille, ule mukubwa, alikuja kumugusa mama yake kama ana joto. Kuko mwenye alianza kuimba wimbo ya kilio. Maman Camille alisema atawazika wote mbele yake, na kwanza ataanza na mwenye alimuandika. Kisha wakaanza kutafuta. Wamoja walisema ni bwana yake, alimuua ku karatasi apate kuingiza mwanamuke mwingine. Bwana yake aliapa. Wengine walisema ni wakubwa wa mutuelle, wanaua watu ku ordinateri ili wakule michango. Na nani alisema hii na sauti kubwa kuliko wote, amepanda juu ya gunia ya makala, anaonyesha kidole? Ni ndugu yako. Nilisema hawa ni wezi. Nilisema miye Aganze nitaenda na Maman Camille kesho, nitawaonyesha, watamufufua mbele ya saa ine.

Mama aliniangalia kutoka ku mulango, anapangusa mikono ku kitenge, ananiangalia tu. Kisha akaingia.

Basi siku ya tatu nilivaa shati ile ya harusi yako, nikaenda na marehemu. Ku guichet nilipiga kelele nzuri, Kifaransa na Kiswahili na kidogo ya Lingala ya kutisha. Nilikuwa katikati ya neno wakati mulango wa nyuma ulifunguka na infirmière Yolande akatoka, na karatasi mu mukono. Hakuniangalia uso. Alisimama, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akasema sauti hii anaijua.

Yaya, hapa njo nilikuwa nataka kufunga barua, kukusalimia tena na kuandika jina yangu. Nimetoka inje mara mbili. Nimetengeneza telefone moja yenye haikukuwa imeharibika. Nimerudi.

Ni miye.

Hawakuchelewa. Walinipigia siku ya munane, kama vile walisema. Namba nisiyoijua. Mama mumoja, sauti pole, anauliza kama ni kwa familia ya Madame Adélaïde. Anasema Madame arudi mbio, wiki hii, na mutu mukubwa wa familia, tusiogope. Pale, kwa pumzi ya kwanza, nilijua: ni watu wa mutuelle. Wamesikia habari ya karte. Wanasema mutu mukubwa wa familia ili wapate mwenye kufunga, na wanasema musiogope maana njo vile mutu anasema akiwa na kamba nyuma ya mugongo. Niliona Maman Camille amekamatiwa karte, niliona Mama ku polisi juu ya akili yangu. Na miye ni fundi, nilikuwa na wateja watatu wanaangalia. Nikatengeneza sauti ya kilio. Nikamuambia Madame, munachelewa. Mama Adélaïde alikufa. Tulimuzika siku ya posho yenye ilipita.

Nilingoja akate, wezi wanakataga. Hakukata. Kisha akasema pole, mutoto wangu. Akasema Mungu amupokee. Akaniuliza kama aliumia sana. Nikamuambia hapana, alilala tu. Akasema tena pole, na yaya, sauti yake ilikuwa imevunjika kweli, nilisikia, na hii masikio yangu yenye inajua kila kitu. Kisha nikaweka telefone chini, na wale wateja wakanipigia makofi. Niliisimulia ile siku tatu. Nilikuwa naigiza na sauti yake: pole, mutoto wangu.

Wiki munane, yaya.

Basi pale ku guichet Yolande, mwenye ile sauti ya ku telefone, alinisikiliza, akaangalia Maman Camille kutoka juu mpaka chini, mwenye nguvu kama ng'ombe. Akaangalia karatasi yake. Akaniita mu chumba, Maman Camille akatufuata, hakuna mwenye aliweza kumuzuia. Nilifikiri ataita polisi. Nilikuwa nimetengeneza maneno tayari. Hakuuliza habari ya karte. Hakuuliza habari ya uongo. Aliuliza kitu kimoja tu, polepole, anaweka kidole juu ya karatasi: basi hii titi ni ya nani?

Nilimujibu ya Maman Chancelle.

Akasema hapana, jina yake. Yake mwenyewe. Na nilisimama pale, fundi wa Nyawera, na kwa kipande ya saa jina ya Mama haikukuja. Ilikuja ya kwako tu. Maman Camille njo alisema nyuma yangu, na sauti yenye sijawahi kusikia mu kinywa kile: Nabintu Jeanine. Yolande aliiandika ku dosye mupya. Alinieleza kama ile waliona ku mashini haiwapendeze, njo maana waliita mbio; lazima wachukue kipande kidogo na sindano ndiyo wajue. Nikamuuliza kama tumechelewa. Alisema hawezi kuniambia ndiyo na hawezi kuniambia hapana, na kama tungekuja ile wiki angeweza kunijibu vizuri zaidi. Nikamuuliza karte tutafanya namna gani. Alinishika bega akanigeuza, akanionyesha ile karatasi ya ku mulango. Siku ya ine, asubuhi, bule. Alisema aliibandika yeye mwenyewe, na kuko mupango mudogo unasaidia na ile ya sindano kwa wenye hawana. Akaniuliza kama sijawahi kuiona.

Nilimuambia sikuiona. Unaona? Hata pale.

Maman Camille hakunipiga. Njiani yote hakusema neno, kitu chenye hakijatokea tangu azaliwe. Ku kona ya avenue alisimama, akasema karte yake atatafuta gisi ya kufufuka, hiyo haina shida. Lakini alisema yeye hakuwa mwenye nilizika. Akaingia kwake.

Walitaka tuende ile ile siku ya ine ya kesho yake. Nilisema Mama hayuko, ameenda kijiji. Ule pia ni uongo, wa mwisho, naapa. Yolande akatuandika siku ya ine hii yenye inakuja, tarehe 13, saa mbili, aje na mutoto wake mukubwa. Mutoto mukubwa ni weye. Donatien atakufikia kesho mangaribi. Shuka na gari la siku ya tatu, uache Glody na shemeji, watakula chochote. Mama bado anafikiri majibu haijatoka. Jana alikuwa anapika, akaniuliza tena, bado? Na miye mwenye kinywa hiki nikasema bado. Siwezi, yaya. Nilijaribu mara tatu. Ninaangalia ule mukono wa kushoto na maneno yote ya Nyawera inakimbia.

Kuja umuambie weye. Ao kuja usimame nyuma yangu, nimuambie miye, maana nafikiri anajua.

Musalimie shemeji Placide, mwambie mugongo apake mafuta ya moto. Mubusu Glody ku paji, kigari yake iko juu ya kabati. Wasalimie wale wote ku kile kilima wenye walikuwa wanangoja kusikia majibu ya Mama mu telefone yako. Mama anakutumia sambaza ya kukausha mu ka mufuko keusi. Hesabu vizuri, ziko mafungu sita, Donatien anajua.

Nilisema hakuna mutu alinidanganya. Hiyo ni kweli, yaya. Yule mama wa ku telefone alisema ukweli wote, na nikamuambia mama yetu amekufa.

Ndugu yako mudogo,

Aganze